Shamba Lililoozwa Mara Mbili

Kazi niliyoitamani kuliko zote ilikuwa kazi ya kusimama kando ya meza na kusema. Sahani nilikuwa nabeba tayari, na mkono wangu wa kushoto ulikwisha kuwa hodari, unapanga sahani kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko bila mchuzi kutikisika. Nilichokitaka ni ile kazi ya mtunza mvinyo. Yeye huja mezani na chupa moja tu, taratibu, na watu wananyamaza wakimtazama mdomo. Mbeba sahani hatazamwi mdomo. Anapungiwa mkono, anaonyeshwa glasi tupu, mazungumzo yanaendelea juu ya kichwa chake. Mimi ni mtu wa maneno, nimezaliwa hivyo, na kunyamaza kwa mshahara kulikuwa kunaniwasha mwili mzima.

Hoteli yetu iko Midrand, nje kidogo ya Joburg, na wageni wake wengi ni watu wa mikutano. Yule aliyekuwa akitunza mvinyo alihamia Cape Town, na meneja wetu, mama mmoja mrefu wa Soweto asiyecheka ovyo, akatangaza kwamba nafasi itajazwa na mtu wa ndani. Tukajitokeza watatu. Vyeti hakuvitaka. Alisema kila mmoja wetu atapewa shamba moja la zabibu kutoka kwenye orodha yetu, akajifunze historia yake, lilitoka kwa nani, likaenda kwa nani, na leo ni la nani. Kisha aje aisimulie kwa Kiingereza, bila kusoma popote, mbele yake na mbele ya Mfaransa anayetuletea mvinyo kutoka kwao. Atakayewafanya wasahau saa ndiye atakayechukua nafasi.

Wenzangu walipewa mashamba ya hukuhuku, ya upande wa Stellenbosch. Mimi, kwa kuwa binti wa Bukavu na Kifaransa ninacho, nikapewa shamba la mvinyo mtamu huko Ufaransa, karibu na Bordeaux. Jina lake silitaji, maana wenyewe wapo na mawakili wao wapo. Mvinyo wake sikuwa nimewahi kuuonja. Sisi wa sahani tuliufahamu kwa kuifuta chupa vumbi. Nilivyofurahi siku ile, nilishuka kwenye teksi vituo viwili kabla ya kwetu, nikautembea mlima wa Observatory kwa miguu nikicheka peke yangu.

Ninaishi Observatory katika chumba cha nyuma, kwa mama mmoja wa Tanga. Ni mjane, mtu wa swala tano, anapika sambusa na vitumbua na kuvipeleka Doornfontein kwa mafundi cherehani na wanafunzi wa chuo. Siku nilipohamia alinipa masharti mawili: nisiache taa ya bafuni ikiwaka, na nisipitishe pombe mlangoni kwake, hata ile iliyomo tumboni. Kwa hiyo nilipofika na habari yangu nilianza kuzungukazunguka. Nikasifia harufu ya bizari. Nikalalamikia baridi ya Joburg inayokausha midomo. Mwishowe akaniambia niteme kilichonikaa kooni kabla hakijanipalia, nami nikakitema chote, shamba, Wafaransa, mvinyo, nafasi. Alikunja sambusa mbili tatu.

"Pombe haramu," akasema. "Habari za shamba si haramu. Haya kaa hapo. Ni la nani?"

Baadaye nilikuja kuelewa kwa nini swali lile lilimtoka upesi vile. Baba yake aliacha nyumba Tanga, na warithi ni wengi kuliko vyumba. Kuna anayetaka kuuza, kuna anayetaka kupangisha, kuna aliyejiingizia mke sebuleni, na kila simu inayotoka kwao ni ya nyumba hiyo. Kwake mirathi si jambo la mahakama. Ni mchezo wa redio anaoufuatilia kwa miaka, anajua kila sauti, na akisikia mahali popote duniani kuna mali na ndugu, anavuta kiti.

Nikaanza kusoma. Nilisoma wakati wa mapumziko, simu mkononi, mgongo kwenye friji kubwa ya jikoni. Wafaransa wanapoandika historia ya shamba hawana haraka, na majina yao ni marefu hadi unafika mwisho wa jina umesahau alikuwa akifanya nini. Lakini mimi nina udhaifu mmoja, au tuseme ni desturi ya kichwa changu. Kifaransa nilisomea, Kiingereza kinanilisha, ila jambo halikai kichwani mpaka nilitamke kwa Kiswahili. Basi kila siku isiyokuwa na zamu, na kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, nilikaa jikoni kwa yule mama na kumsimulia nilichosoma. Yeye alikunja, mimi nilisema.

Nilianza mwanzo. Kilima kile kilikuwa mali ya watawa. Yalipokuja mapinduzi ya Wafaransa, serikali ikawapokonya watawa ardhi na kuipiga mnada, na aliyenunua hakuwa bwana mkubwa, alikuwa fundi mapipa. Mtu wa randa na nyundo. Alikuwa akiwatengenezea wenye mashamba mapipa yao, na mwisho akapata shamba la kujazia mapipa yake mwenyewe. Mwenye nyumba wangu akalipenda jambo hilo mno. Alisema kila anayewapikia wengine hungoja siku ile.

Nami kwa kupata kichwa, nikataka kumpa siri yenyewe. Nikamwambia kwa Kiswahili changu cha Bukavu: "Mama, utajiri ya ile shamba yote ilitoka mu kuoza."

Akaitikia kwa kichwa, hakushangaa hata kidogo. "Ndivyo ilivyo, mwanangu. Hata kwetu. Walimwoza nani?"

"Zabibu."

"Binti wa huyo fundi mapipa?"

Nikamtazama. Nikamwambia hapana, zabibu, inaozea kulekule juu, mu muti. Akauliza mtoto wa watu aliozwaje juu ya mti, harusi gani hiyo. Tukatazamana hivyo mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi. Kumbe kwao Tanga kuoza ni kumtoa binti kwa mume, na Zabibu ni jina la mwanamke, anao mashoga wawili wenye jina hilo. Mimi nilikotoka, kuoza nakujua kwa samaki na nyanya tu. Nilipomweleza kwamba nazungumzia matunda, kwamba Wafaransa wale wanayaacha mtini makusudi hadi yaharibike, alikaa chini. Alicheka kicheko cha kujipiga mapaja, machozi yakamtoka, nami nikacheka hadi nikashika ukuta. Sambusa za siku ile zilikwenda Doornfontein zimeungua upande mmoja, na mafundi cherehani wakazila bila kujua kisa.

Tulipotulia akataka kujua uharibifu huo ni wa namna gani. Nikamwambia Wafaransa wenyewe wanauita uozo wa kiungwana. Akasema basi wale hata kuoza wanaoza kwa cheo. Nikamweleza: kuna mto mdogo wa maji baridi unaoingia kwenye mto mkubwa wa maji ya vuguvugu, na inapokutana, asubuhi za vuli, ukungu unapanda kilimani. Ukungu huo unaleta kitu kingine, kitu kidogo kama unga wa kijivu kinachoota juu ya ganda la zabibu, nacho jina lake kwa Kiswahili sikuwa nalo. Nikahangaika, nikataja uyoga, nikataja vumbi. Akainuka, akafungua kabati, akatoa kipande cha mkate alichokuwa amekisahau, akanionyesha manyoya ya kijani.

"Huu?" akauliza. "Huu nao ni ukungu."

Nilipiga meza kwa furaha. Ukungu unaleta ukungu! Kwa Kifaransa wanahitaji kurasa, kwa Kiswahili ni neno moja linajizaa lenyewe. Unatoboa maganda, maji yanatoka, sukari inabaki, zabibu inasinyaa na kuwa tamu kupita kiasi, halafu wavunaji wanapita na mikasi midogo kuchuma punje moja moja, wanarudi tena baada ya siku kadhaa kwa zile zilizokuwa bado, na tena. Mwaka ambao ukungu haukuja, au mvua iliharibu, hawatii jina lao kwenye chupa. Wanakubali kukosa. Nilimwambia hayo kwa mikono yote miwili hewani, na yule mama, ambaye hajawahi kuonja hata tone, alikuwa ameinama kunisikiliza kama mtoto. Pale nilijua kitu kimoja kwa hakika: naitaka kazi ile, na nikiikosa nitaumwa.

Kisha nikafika kwenye ukuta.

Fundi mapipa alikuwa na wana wawili. Alipofariki waligombana, wakakigawa kilima kwa ukuta wa mawe. Mkubwa akachukua juu, kwenye nyumba na jua. Mdogo akachukua bondeni, kwenye ukungu. Mvinyo ule unavitaka vyote viwili, ukungu wa asubuhi wa kuoteshea na jua la mchana la kukaushia, ili uozo usigeuke uozo wa kawaida. Sasa wa juu akawa na zabibu safi zisizo na maana, na wa bondeni akawa na matope. Walikaa hivyo miaka na miaka, kila mmoja akimchungulia mwenzake juu ya mawe, na jina la shamba likashuka hadi likawa si chochote.

Mwenye nyumba wangu aliacha kukunja. Ndugu wakigombana, akasema, shika jembe ukalime. Alitaka kujua nani aliubomoa ukuta, maana ukuta wa mirathi haubomoki wenyewe, na hilo analijua.

Hapo nikababaika. Nilikuwa nimekwisha kusoma jibu, na nilikuwa nimelisoma nikiwa nimeficha simu chini ya aproni kana kwamba kuna mtu angeniona. Watoto wa wale ndugu wawili, binti wa juu na kijana wa bondeni, walioana. Kwetu mtoto wa baba yako mdogo ni kaka yako, na ukimtazama kwa jicho hilo wanaitwa wajomba wote, na mbuzi anachinjwa, na mama yako haendi kanisani mwezi mzima kwa aibu. Nilikuwa nimeamua nitakiruka kipande hicho mbele ya meneja. Nitasema tu kwamba familia zilipatana. Nikamwambia na yule mama hivyo hivyo, kwa sauti nyepesi.

Akasema watu hawapatani tu. Walipatanaje, kwa nini, nani alimwendea nani. Nikajaribu kumpeleka mbele, kwa wajukuu. Hakwenda. Mwisho nikamwambia nikitazama sakafu kwamba ndugu aliolewa na ndugu yake.

"Tumbo moja?" Alishika kifua.

"Hapana, Mama. Baba zabo njo bako bandugu."

"Lo. Binamu, sema binamu." Akashusha pumzi, akarudi kwenye sambusa zake. "Binamu, nyama ya hamu. Mimi mwenyewe niliozwa kwa binamu yangu, Mungu amrehemu, na hujaniona na pembe."

Aibu iliyonipata ilikuwa ya namna mpya, ilikuja kutoka upande mwingine. Nilitaka kuomba radhi nikaona nitaharibu zaidi. Lakini yeye hakuwa na habari na aibu yangu, alikuwa amekwisha kupanda kilimani. Alisema hapo ndipo penye shamba lote. Bila ndoa ile kuna vipande viwili vya ardhi na ukuta, hakuna mvinyo, hakuna historia, na hakuna kazi ya mtu Midrand. "Walimwoza binti, ukuta ukaanguka," akasema. "Hilo ukiliruka, utakuwa umesimulia mawe." Akamalizia ile methali yake: wakipatana, chukua kapu ukavune.

Tangu siku hiyo sikukiruka. Nilikipenda. Nililipenda lile neno la kwao, wakamwoza, fupi, lina mlango unaofunguka ndani yake, na nikalitumia kila niliporudia, nikiwa bafuni, nikiwa njiani, nikiwa nimesimama kwenye robot, zile taa za barabarani, nangoja magari. Binti wa juu akaozwa bondeni, mawe ya ukuta yakajengewa ghala la mapipa, mume akafa mapema, na yule mjane akalishika shamba hadi uzee. Watu walikuja kumposa kwa ajili ya kilima chake, akawakirimu chakula cha mchana na kuwasindikiza getini. Mwenye nyumba wangu alimwita yule mjane "mwenzangu". Alikuwa akiniuliza habari zake kama za mtu wa mtaa wa pili.

Baada ya mjane wakaja wajukuu na vitukuu, na shamba likagawanywa, si kwa ukuta tena, kwa hisa. Mmoja daktari wa meno mjini, mmoja yuko ng'ambo, mmoja hajawahi kukanyaga kilimani. Ilipopita miaka mibaya ya mvua, kampuni ya bima ikaja na kununua hisa moja baada ya nyingine. Shangazi mmoja tu alikataa. Amebaki na safu chache za mizabibu nyuma ya nyumba na haki ya kupewa pipa kila mavuno. Yule mama wa Tanga alinuna. Aliuliza bima inajua nini kuhusu ukungu. Nikamwambia, Mama, iko ya kompani, si miye niliuzisha, na nilimwambia kwa hasira kidogo, maana mtihani ulikuwa kesho yake.

Mtihani ulifanyika asubuhi, kwenye chumba kidogo cha mikutano chenye kiyoyozi kinachonguruma. Meneja upande huu, Mfaransa upande huu, mzee mwembamba mwenye soksi nyekundu. Mwenzangu wa kwanza aliingia akatoka akitabasamu. Wa pili naye akatoka akitabasamu. Moyo wangu ulikuwa ukipiga mpaka nikahisi unaonekana kwenye shati. Nikaingia, nikakataa kiti, nikaanza na watawa.

Nawaambia ukweli, nilikuwa moto. Fundi mapipa alitembea mle ndani. Ukungu ulipanda. Nilijenga ule ukuta kwa mikono yangu kutoka mezani hadi dirishani, na niliona meneja akiufuata kwa macho. Kiingereza changu, ambacho kwa kawaida huenda kwa magoti, siku ile kilikimbia. Nikafika kwenye ndoa, nikavuta pumzi, nikaisema kwa fahari, kwa sauti ya mwenye siri. Kichwani lilikuwepo neno moja, wakamwoza. Mdomoni likatoka neno la Kiingereza la tunda lililoharibika. Niliwaambia waziwazi kwamba wazazi walimharibu binti yao kama nyanya, wakampeleka bondeni kwa binamu yake, na ukuta ukaanguka.

Meneja aliweka kalamu chini. Mfaransa aliinua uso, akanitazama kama mtu aliyesikia mlio kwenye injini. Mimi bado sikuwa nimejua nilichokisema. Nilidhani ni habari ya binamu imewagusa, nikataka hata kuwatuliza. Ndipo neno likanirudia masikioni. Damu ilinipanda hadi kwenye nywele. Nikaona nafasi yangu inatoka mlangoni taratibu, na kwa sekunde ile nilimkasirikia kila mtu, wao, mimi, sambusa, Tanga yote.

Kisha nikacheka. Sikupanga. Nilicheka kile kicheko cha jikoni, cha kushika ukuta, na nilipoweza kusema niliwaeleza kwamba historia hii nimejifunza kwa Kiswahili, na Kiswahili kina neno moja kwa mambo haya mawili, tunda kuharibika na binti kutolewa kwa mume, na kwamba mimi mwenyewe nililijua nusu tu mpaka mama mwenye nyumba wangu aliponipa nusu ya pili. Na nikaendelea, maana nilikwisha kuwa sina cha kupoteza.

"Shamba hili limesimama kwa neno hilo mara mbili," nikasema. "Mara ya kwanza ni zabibu, mara ya pili ni binti. Ukiondoa moja, mnabaki na kilima."

Mfaransa alilirudia neno mwenyewe, kuoza, kuoza, akilionja. Akaniuliza kwa Kifaransa huyo mama wa Tanga anakunywa mvinyo gani. Nikamjibu kwamba hanywi kabisa, anataka mirathi tu, na hapo akacheka mpaka akatoa leso. Meneja hakucheka. Aliniuliza kwa sauti ileile ya kila siku, je, leo shamba ni la nani. Nikasema ni la kampuni ya bima, isipokuwa safu chache za shangazi aliyekataa kuuza. Akaitazama saa yake, akaonekana kama aliyeibiwa, akamwambia Mfaransa kwamba chakula cha mchana kimekwisha kuanza nje.

Mfaransa ndiye aliyefungua chupa. Alisema haiwezekani mtu aujue ukoo wote asiijue sura. Rangi yake ilikuwa ya samli iliyoyeyuka. Nilinusa nikapata ganda la chungwa, asali, na nyuma kabisa kitu cha uvundo mdogo, kama kabati lililofungwa kwa muda mrefu, na nikajua, huyo ndiye, huyo ni ukungu wetu. Nikaingiza mdomoni. Utamu ulikuja, halafu ukali kama wa ndimu ukaukata utamu kabla haujachosha, halafu vyote vikakaa, vikakaa, havitaki kuondoka. Niliona machozi yakija. Nikakumbuka masharti ya nyumba ninayolala. Nikainama kwenye ndoo ya barafu, nikatema, hadi tone la mwisho, na sijawahi kufanya kitu kigumu kama kile. Mfaransa akamwambia meneja kwamba tazama, huyu anaonja kama watu wa kazi.

"Kuna meza ya watu sita karibu na dirisha," meneja akaniambia. "Wapelekee hii. Na uwasimulie."

Hiyo ndiyo ilikuwa barua yangu ya kazi. Nilikwenda na chupa moja, mkono mmoja nyuma. Watu sita walinyamaza, wakanitazama mdomo.

Nilirudi Observatory jua likiwa bado kwenye vichwa vya miti. Yule mama alikuwa amekaa barazani na wanawake wawili wenzake wa darasa la Ijumaa, mmoja wa Unguja, mmoja wa Dar, mabaibui yao yamejaa ngazi. Hakuniuliza. Alinitazama tu, mkono umesimama juu ya kikombe, nami nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akaweka kikombe chini akapiga vigelegele. Vilipanda mlima wote. Mbwa wa jirani walianza kubweka na mtu akafungua dirisha.

Wale wenzake wakataka kujua kuna nini, binti ameposwa au kafaulu mtihani. Nilisimama na mkoba wangu, nikaona taabu aliyojiingiza. Kusema uongo hawezi, yule hadanganyi hata mnunuzi wa kitumbua. Na kutaja mvinyo mbele ya wale mama, kwa vigelegele, ndiyo kabisa. Nikafungua mdomo nimwokoe, akaninyamazisha kwa kidole.

"Amepata kazi ya kusimulia," akasema.

Kusimulia nini, wakauliza. Akawasogezea sahani ya kashata, akajiweka sawa, akaanza. Palikuwa na kilima, huko Ufaransa, mali ya watawa. Akaja fundi mapipa. Nilikaa kwenye ngazi ya chini nikamsikiliza, na jamani, alijua. Alikuwa na mjane wangu, na wachumba waliolishwa na kusindikizwa getini. Alikuwa na sauti ya ndugu mkubwa na sauti ya ndugu mdogo. Zile zabibu alizieleza punje kwa punje, na alipofika kwenye kile zinachogeuka kuwa, alisema ni sharubati ya kwao, nzito, akapita haraka bila kunitazama. Mama wa Unguja alikuwa amesahau kashata mkononi. Ukuta ulipobomolewa, wote wawili walisema alhamdulillahi.

Ila mwisho hakuufikisha kama nilivyomfundisha. Wajukuu walipoanza kugawana, alizungusha chai kwenye kikombe. Yule wa Dar akashindwa kungoja.

"Na leo, shoga, shamba ni la nani?"

"La huyu binti yangu hapa," akasema.

Wote watatu wakageuka kunitazama. Asubuhi ileile nilikuwa nimewaambia watu wawili, bila kusitasita, kwamba ni la kampuni ya bima. Sikubisha.